VIUNGO VYA MWILI NA KAZI YA KUCHUMA KARAFUU



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za miche, za magugu, za kuanika na za bei. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze chombo cha kazi ambacho kila mmoja wetu anacho, hakukinunua, wala hawezi kukiazima kwa jirani. Chombo hicho ni kiungo cha mwili. Mkarafuu hauchumwi kwa vidole tu. Huchumwa kwa bega, kiwiko, nyonga na goti, na siku kimoja kati ya hivyo kikigoma, gunia hubaki tupu.

Kila msimu hatukosi kuletewa khabari kwamba fulani ameanguka. Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake, kama mjuavyo, hukatika bila ya kutoa onyo. Wako waliopona wakarudi shambani, na wako ambao mkono wao haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Tukiuliza vizuri, mara nyingine twaambiwa kwamba kuumia kwenyewe hakukuwa kukubwa; kilicholeta hasara ni yale yaliyofanywa chini ya mti baada ya kuanguka, na watu wenye nia njema. Kwa hiyo tumeona bora tueleze jinsi kiungo kilivyoundwa. Mtu akikijua atajua namna ya kukitumia, na atajua pia wakati gani asikiguse.

KIUNGO NI NINI

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, kadiri ya 270 hadi 300, ila mingine huungana ikawa mmoja anapokua. Mahali mfupa unapokutana na mwenzake ndipo panapoitwa kiungo. Sisi tuliosoma chuoni tuliisikia kwa walimu wetu ile hadithi iliyopokewa kwa Bibi Aisha na kuandikwa na Imam Muslim, inayotaja kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360. Sisi twaichukua hivi: kiungo ni neema, na katika kuishukuru neema ni kuitunza.

Viungo ni vya namna tatu. Namna ya kwanza havitikisiki kabisa, mfano wake ni viungo vya fuvu la kichwa. Aliyefika Kalenga, mkoani Iringa, akaingia katika jumba la makumbusho, ameliona fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo chake cha mwaka 1898. Fuvu lo lote la mtu ukilitazama utaona mistari iliyopindapinda kama mshono wa fundi cherehani. Kila mstari ni mahali mifupa miwili ilipokutana ikashikana isiachane, kwani kazi yake ni kulinda ubongo, na mlinzi hatakiwi kutikisika.

Namna ya pili hutikisika kidogo. Hizo ni kama pingili za uti wa mgongo, ambazo kati ya moja na nyingine mna kisahani kigumu kwa nje na laini kwa ndani. Kila pingili huenda kidogo tu, lakini kwa kuwa ni nyingi, mtu huweza kuinama akafunga kamba za viatu.

Namna ya tatu ni viungo vinavyokwenda kwa uhuru, na hivi ndivyo tunavyovikusudia leo.

TULIYOYAONA KIHESA

Tumeitaja Iringa kwa sababu. Tulipokwenda huko kwa shughuli zetu tulifikia Kihesa, kata moja ya Manispaa ya Iringa, nyumbani kwa ndugu yetu mzaliwa wa Pemba aliyehamia bara. Nchi ile ni ya vilima na baridi. Mji wa Iringa uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mtu hatoki bila ya koti. Karafuu huko hakuna. Kuna mahindi, maharage, viazi na nyanya, na jembe la mkono ndilo linalofanya kazi.

Siku moja mwenyeji wetu alitupeleka sokoni kununua nyama. Mwuza nyama alitusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," nasi tukaitikia kama tulivyofundishwa. Tulishangaa kuona kwamba mguu mzima wa mbuzi aliupasua vipande kwa kisu kidogo, na shoka lake limelala chini halina kazi. Tulipomwuliza alicheka, akasema, "Wageni wangu, shoka ni la mtu asiyeijua njia. Mfupa haukatiki kwa kisu, lakini kati ya mfupa na mfupa njia ipo. Ukiipata, mnyama mzima anafunguka." Basi tukamwomba atuonyeshe njia hiyo polepole, naye hakuona tabu.

Kwanza alifungua goti la mguu wa nyuma. Tuliyoyaona ndani ya goti la mbuzi ndiyo yaliyomo ndani ya goti la mtu, tofauti ni ukubwa na umbo.

Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, kinachong'aa na kuteleza kama kikombe cha udongo wa China kilicholowa maji. Gegedu halina mshipa wa damu wala wa fahamu. Kwa hiyo halitoki damu na lenyewe haliumi, lakini pia likilika halioti upesi kama ngozi. Chakula chake hulipata kwa kubanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo inavyonywa maji. Kiungo kisichotembezwa gegedu lake hukosa chakula, na kiungo kinacholemewa mchana kutwa bila ya kupumzika hulika. Njia iliyo salama ni ya katikati.

Kiungo chote kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko mna ute mfano wa weupe wa yai. Huo ndio mafuta ya mashine yetu. Katika goti zima la mtu mwenye afya ute huo haujai hata kijiko kimoja cha chai, na unatosha. Goti likiumia mfuko hutoa maji mengi, ndipo tunapoliona limevimba.

Nje ya mfuko ziko kano. Nyingine hufunga mfupa kwa mfupa, kazi yake ni kuzuia kiungo kisipite mpaka wake. Nyingine hufunga nyama kwa mfupa, nyama ikijivuta mfupa hufuata. Mtu anapoteguka kifundo cha mguu, zilizovutika au kuchanika ni zile kano za kwanza.

MGUU WA MBELE NA MGUU WA NYUMA

Jambo lililotuzindua khasa ni hili. Mwuza nyama aliuchukua mguu wa mbele ambao ulikuwa bado umeshikamana na mbavu. Kisu kilipita kati ya nyama na mbavu, na mguu mzima pamoja na kombe la mkono, yaani ule mfupa mpana wa mgongoni, ukatoka bila ya kisu kukutana na kiungo hata kimoja. Mguu wa mbele wa mbuzi haukuungwa na kiwiliwili kwa mfupa. Umeshikwa na nyama tu.

Mguu wa nyuma ulikuwa na khabari nyingine. Ilimbidi aingize ncha ya kisu ndani kabisa ya nyonga, aikate kano fupi iliyokifunga kichwa cha mfupa wa paja ndani ya shimo lake, ndipo paja lilipotoka, tena kwa mlio. Akasema, "Wa mbele unatoka kwa kuombwa. Wa nyuma unatoka kwa vita."

Mtu si mbuzi, lakini tofauti hiyo anayo. Mkono wetu mzima umeunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa mmoja tu mwembamba, nao ni mtulinga, unaokutana na kidari mbele. Kichwa cha mfupa wa mkono ni tufe kubwa, na mahali kinapokaa ni kisahani kidogo kisicho na kina. Mfano wake ni chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Lakini kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika shimo refu la nyonga, na mbele yake ipo kano moja ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko kano zote za mwili.

Kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu kiungo hakipewi uhuru na uthabiti vyote pamoja. Bega limepewa uhuru kuliko kiungo cho chote: mkono huenda mbele, nyuma, juu, chini, na kuzunguka. Bei ya uhuru huo ni udhaifu, na ndiyo maana katika viungo vikubwa bega ndilo linaloongoza kwa kutoka mahali pake. Nyonga imepewa uthabiti wa kubeba mwili mzima, na bei yake ni kutokwenda mbali kama bega. Mwanachama akilishika neno hili moja, mengine yote tunayoyaeleza yatamfuata.

NAMNA SITA ZA VIUNGO VINAVYOKWENDA

Waganga wamevigawa viungo hivi kwa namna sita, nasi tutavieleza kwa mifano ya majumbani mwetu.

Cha kwanza ni kiungo cha bawaba. Hufungua na kufunga kama dirisha, upande mmoja tu. Hivyo ndivyo kiwiko, viungo vya katikati na vya ncha za vidole, na kifundo cha mguu. Goti nalo huhesabiwa humo, ingawa likikunjwa huweza kuzunguka kidogo. Ukilazimisha bawaba kwenda upande usiokuwa wake, utaivunja.

Cha pili ni kiungo cha kinu. Ncha ya mchi ni mviringo, na ndani ya kinu waweza kuizungusha utakavyo. Ndivyo lilivyo bega na ndivyo ilivyo nyonga, ila nyonga ni kinu chenye kina, na bega ni kinu kilicholika kikawa sahani.

Cha tatu ni kiungo cha mhimili. Milango ya kale ya mji wa Unguja haikutiwa bawaba. Huzunguka juu ya vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini. Katika shingo pingili ya pili ina kijiti kilichosimama, na pingili ya kwanza hukizunguka kama mlango. Tunapotikisa kichwa kusema "sivyo" hicho ndicho kinachofanya kazi. Kingine kama hicho kipo chini kidogo ya kiwiko, nacho hugeuza kiganja kutazama juu au chini.

Cha nne ni kiungo cha tandiko. Mfupa mmoja umekaa juu ya mwenzake kama mtu juu ya tandiko la punda: huweza kuegemea mbele na nyuma, na pia kulia na kushoto. Hiki kiko katika shina la kidole gumba, na kwa sababu yake kidole gumba huweza kukutana na vidole vingine vyote. Bila ya hicho hakuna kuchuma, hakuna kuchambua, wala hakuna kushika kalamu. Wale wanaokaa usiku kucha wakichambua karafuu kutoka katika makonyo wanakitumia mara nyingi mno, nacho ni kimoja katika viungo vinavyolika upesi, khasa kwa wanawake waliokwisha kuwa watu wazima. Ushauri wetu ni kubadilishana mikono na kupumzika kabla ya maumivu kuanza.

Cha tano ni kiungo cha yai. Ncha iliyo mfano wa yai imelala katika shimo la umbo hilohilo. Huenda mbele na nyuma na pembeni, lakini haizunguki. Ndicho kilimbili, na ndivyo vile viungo vya vidole vinavyotokeza unapokunja ngumi.

Cha sita ni kiungo cha kuteleza. Mifupa midogo imekaa ubavu kwa ubavu kama kokoto zilizosuguliwa na maji, na kila mmoja huteleza kidogo juu ya mwenzake. Katika kilimbili iko mifupa minane ya namna hiyo. Katika mguu iko pia, kwani mguu mmoja chini ya kifundo una mifupa 26, na hiyo ndiyo inayouwezesha wayo kulikumbatia tawi la mviringo bila ya kuteleza.

KAZI YETU JUU YA MTI

Sasa tutazame kazi yetu. Mchumaji aliyesimama kwa miguu miwili juu ya tawi zima ameutia uzito wake juu ya nyonga na magoti, yaani juu ya viungo vilivyoumbwa kwa kubeba. Lakini mchumaji anayening'inia kwa mkono mmoja ili afikie shada la mbali ameutia uzito wake juu ya kisosi na chungwa. Khasa la hatari ni pale tawi linapokatika, naye akadaka tawi jingine kwa mkono mmoja: mwili wote hushuka kwa ghafla, na bega hupokea mshtuko huo peke yake. Kwa hiyo mkono ni wa kushika na kuchuma, na mguu ndio wa kubeba. Shada lisilofikika kwa mkono livutwe kwa kijiti chenye ndoano, au mtu ashuke apandie upande mwingine.

Goti nalo lina khabari yake. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote, nalo ndani yake lina visahani viwili vya gegedu vya kupunguza kishindo, kano mbili zilizopishana katikati, mbili za pembeni, na mbele pia ya goti. Kule Kihesa tulimwona bibi mmoja, jirani wa mwenyeji wetu, akirudi shambani na mzigo wa kuni kichwani, akishuka kilima hatua kwa hatua. Baada ya kumwamkia tukamwuliza, "Bibi, kupanda na kushuka, kipi kigumu?" Akajibu, "Wajukuu zangu, kupanda kunakula pumzi, kushuka kunakula magoti." Hakusoma uganga, lakini maneno yake ni ya kweli. Katika kushuka goti hupokea uzito wa mwili na wa mzigo likiwa limekunjika, na pia ya goti hubanwa juu ya mfupa wa paja. Basi vijana wetu wanaoruka kutoka panda la chini na kikapu mgongoni, kwa kuonyesha ushujaa, wanakopa kwa magoti yao deni watakalolilipa uzeeni. Kikapu kiteremshwe kwa kamba, na mtu ashuke kwa miguu.

KIUNGO KIKITOKA MAHALI PAKE

Sasa tumefika katika jambo lililotufanya tuandike. Msimu mmoja kijana mchumaji alidaka tawi kwa mkono mmoja, bega likatoka. Wenzake wakamlaza, mmoja akamtia kisigino kwapani, mwingine akauvuta mkono. Mlio ukasikika, wakashangilia kwamba limerudi. Baada ya siku kadhaa mkono haukuinuka, na ngozi ya juu ya bega haikuwa na fahamu. Hospitali walipompiga picha walikuta mfupa umevunjika karibu na kichwa chake. Je, ulivunjika kwa kuanguka au kwa kuvutwa? Hakuna awezaye kusema, na hapo ndipo penye msiba wenyewe.

Jueni kwamba karibu na shingo ya mfupa huo hupita mshipa wa fahamu unaouinua mkono, na kwapani hupita mshipa mkubwa wa damu. Bega linapotoka mara nyingi huja mbele, upande wa mishipa hiyo. Mwenye kuvuta bila ya kuona picha hajui kama mfupa ni mzima, wala hajui mshipa umelala wapi. Kwa hiyo wanachama tunawaomba sana:

Bega au kiungo kingine kikitoka, msikivute, msikizungushe, wala msikikande. Kiacheni katika hali kilivyo. Chukueni kanga, mkunje pembe tatu, mfunge mkono ukae kifuani bila ya kutikisika. Tazameni vidole: vikiwa baridi, au vimepauka, au havina fahamu, haraka izidi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani kila saa inayopita nyama hukaza, na kurudisha huwa kugumu zaidi.

Aliyeanguka kutoka juu na kulalamika shingo au mgongo, au miguu yake haina nguvu, asikalishwe wala asibebwe mgongoni. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, na wengine wamwinue kwa pamoja wamlaze juu ya ubao. Ule mlango wa shingo tuliousema umezunguka uti wenye fahamu za mwili mzima.

Aliyeteguka kifundo tu, apumzishe mguu, atie kitambaa chenye maji baridi, aufunge bila ya kukaza mno, na auinue juu ya mto. Kukanda kwa nguvu na kukanda kwa moto kusifanywe siku mbili za mwanzo. Akishindwa kabisa kuukanyagia, naye apelekwe akapigwe picha.

Mafuta ya makonyo yetu ni mazuri kwa kuchua nyama zilizochoka, wala hatuyatukani mafuta yanayotulisha. Lakini hakuna mafuta yanayorudisha mfupa.

Tuongeze neno moja. Si kila maumivu ya viungo hutokana na kazi. Jongo, ambalo mara nyingi huanza kwa kidole gumba cha mguu kuvimba ghafla, hutokana na chembechembe zinazojikusanya ndani ya kiungo. Na ile homa ya chikungunya, iliyotambuliwa kwanza huko Newala katika nchi ya Wamakonde mwaka 1952 na 1953, jina lake ni la Kimakonde, kwa kuwa viungo humwuma mgonjwa hata akajikunja. Huenezwa na mbu. Mwenye homa na viungo vinavyouma asipelekwe kwa mkandaji. Apelekwe kwa mganga wa hospitali.

TUNALOLIOMBA

Kabla ya msimu kuanza, kila mwenye kambi ya wachumaji aweke vitu vitatu: kanga mbili safi za kufungia, ubao mmoja wa urefu wa mtu, na jina la mwenye gari aliyekubali kuamshwa saa yo yote. Gharama yake haifiki thamani ya pishi chache za karafuu. Na kila msimamizi awakusanye vijana wake asubuhi ya siku ya kwanza, awaeleze jambo la chungwa na kisosi. Wataelewa upesi, kwani hawakosi kumwona mwuza nyama akifanya kazi.

Mkarafuu uliopita msimu bila ya kuchumwa utazaa tena. Bega la mchumaji lililoharibiwa halina msimu wa pili.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama